Ukoo wa Kibosho: Neema na vyura wa Pemba

Neema: Shikamooni wazee wangu. Ndio tumetoka msitu wa Ngezi, tope mpaka magotini.

Mama: Marahaba mwanangu. Usiku huu mnafuata nini msituni?

Neema: Vyura, mama. Mchana wanajificha. Giza likiingia unasimama kwenye matope, unazima tochi, unasikiliza sauti inatoka tete lipi, ndipo unamulika.

Baraka: Ada yote ile ya chuo 😂

Neema: Cheka tu. Leo usiku wa tatu ndio tumempata yule chura wa matete ambaye duniani kote yupo Pemba tu. Anaenea kwenye ukucha wa dole gumba! Nimepiga yowe mpaka kiongozi wetu akanikemea, maana wenzake wote wakanyamaza.

Mjomba Elia: Alifikaje huko? Chura na maji ya chumvi wapi na wapi?

Neema: Hapo ndipo penyewe, mjomba. Unguja iliwahi kuungana na bara, bahari ya katikati ina kina kifupi. Ila kati ya Pemba na bara kina ni mamia ya mita. Wapo wanaosema walielea juu ya magogo yaliyosombwa na mito.

Mjomba Elia: Aisee. Chura abiria.

Mama: Na nyoka?

Neema: Mmoja tu, katukimbia kabla hatujamtambua.

Mama: Mungu wangu. Buti umevaa?

Neema: Nimevaa mama. Halafu kuna mjusi wa kijani kitupu, Phelsuma parkeri, naye ni wa Pemba tu. Huyo hata msituni usiende, mchana yupo kwenye migomba na minazi ya watu.

Mama Baraka: Mimi mijusi kafiri ya jikoni kwangu inanitosha. Lete karafuu.

Baraka: Vinyonga je?

Neema: Hao ndio rahisi. Kinyonga akilala rangi inapauka, ukimmulika anaonekana mweupe katikati ya majani. Mjomba, jaribu hapo shambani.

Mama Baraka: Baba Baraka usithubutu!

Mama Baraka: Baba Baraka?

Mama Baraka: Ameshatoka na tochi huyu.

Mjomba Elia: 📷 Picha

Mjomba Elia: Nimempata kwenye mti wa kahawa, hata dakika kumi hazijaisha. Ana pembe mbili puani. Ndiye?

Neema: MJOMBA!!! Huyo ni Kinyongia tavetana, tena dume! Huku Pemba hayupo kabisa. Hilo Kinyongia wataalamu walilitoa kwenye Kiswahili chetu, mwaka 2006.

Baraka: Nauli ya meli imeenda bure 😂😂

Mjomba Elia: Ameamka. Jicho moja linanitazama mimi, la pili linamtazama mbwa.

Mama: Kaka, anauma huyo!

Neema: Hana sumu mama. Usimshike tu mjomba, mwache kwenye tawi lake.

Mjomba Elia: Mbona keshapanda kwenye koti?

Mama Baraka: Baba Baraka, mlango nimeshaufunga kwa ndani. Mrudishe kwanza kwenye kahawa ndio ubishe hodi.