Mjadala: Je, tiba ya joto la chembe za sumaku itolewe kabla ya majaribio linganishi?

Ndugu mchangiaji aliyenitangulia ametetea hoja kwamba mgonjwa ambaye uvimbe wake wa ubongo umerudi baada ya upasuaji na mionzi hana muda wa kusubiri utafiti, na kwamba kumnyima tiba hii ni kumhukumu mara ya pili. Huruma iliyomo katika hoja hiyo naiheshimu, lakini hoja yenyewe siikubali.

Na kanuni ya tiba sina ugomvi. Chembe za nano, yaani ndogo mno, za oksidi ya chuma hudungwa ndani ya uvimbe, kisha mgonjwa huwekwa katika uga wa sumaku unaogeukageuka mara 100,000 hivi kwa sekunde; chembe hupata moto, na seli za saratani hudhoofika joto linapopita nyuzi 41 za Selsiasi. Ulaya iliidhinisha tiba hiyo mwaka 2010. Utafiti uliochapishwa mwaka 2011 ulihusu wagonjwa 59 wa glioblastoma (saratani kali ya ubongo) iliyorudi, na nusu yao walikuwa bado hai miezi 13.4 baada ya uvimbe kugunduliwa umerudi. Tatizo ni kwamba walipewa mionzi pia, wala hapakuwa na kundi la kulinganisha nalo. Basi tutajuaje kilichowasaidia ni joto, ni mionzi, au ni hali yao nzuri walipochaguliwa?

Tena kuna gharama inayobebwa na mwili. Mgonjwa hutolewa kwanza vijazo vya metali vilivyomo menoni, kwa sababu navyo vingepata moto, na chuma kinachobaki kichwani huvuruga picha za MRI, hivyo daktari hunyang'anywa jicho ambalo angelitumia kuona kama uvimbe unakua tena.

Kuhusu viunzi vya seramiki yenye usumaku, vinavyopandikizwa mfupani na kupashwa moto kwa njia hiyohiyo, vinavyotarajiwa kuua saratani ya mfupa na kuujenga mfupa huohuo, tahadhari yangu ni kubwa zaidi, maana joto linaloua seli mbaya haliziachi salama seli zinazojenga. Seramiki za manganaiti (oksidi zenye manganizi), ambazo zinaweza kutengenezwa zipoteze usumaku zikifikia joto lililokusudiwa na hivyo kujizuia zenyewe, ndizo ningependa zifadhiliwe.

Mgonjwa asiye na muda apewe nafasi ya kwanza katika jaribio ambalo wote wanapata mionzi, na kura ndiyo inayoamua nani aongezewe joto.