Naomba ushauri: cherehani ya mtumba ya chuma au mpya?

Wakuu, habari zenu. Cherehani yangu niliyoinunua mpya imekufa baada ya miaka 2. Gia ya plastiki imesagika meno, fundi kaitazama akatikisa kichwa. Sasa nimepata ya mtumba, chuma tupu, kuinyanyua lazima muwe wawili. Nilizungusha gurudumu kwa mkono, sindano ikashuka taratibu bila kukwama. Mkanda tu ndio umechakaa. Tatizo, inapiga mshono wa kunyooka peke yake. Mpya ina mishono 30 na dhamana. Mimi nashona sare na mapazia, mishono ya maua sijawahi kuigusa, ila zigizaga ya kuzuia nyuzi kuchomoka naihitaji kweli. Nichukue ipi? Na hiyo kuukuu, nikague nini kabla sijalipa?