Wifi yangu "ameomba ushauri", sasa Mumias nzima inajua deni langu

Jamani, naandika nikiwa na hasira, mkiona herufi zimerukana mnivumilie.

Juzi usiku wifi yangu, mke wa kaka yangu wa tumbo moja, kaandika kwenye grupu la WhatsApp la akina mama wa darsa. Watu 214. Alianza kwa adabu zote: "Asalaam alaykum dada zangu, naombeni ushauri, jina sitalitaja." Halafu: ni wifi yake, anauza mandazi karibu na stendi, ana watoto watatu. Mumias hii hii! Heri angebandika picha yangu ukutani, mvua ingeichuna.

Swali lake lilikuwa moja tu, amdai vipi ndugu wa mumewe bila kuvunja undugu. Deni ni la kweli, sikatai. Nilikopa 8,000 za kuongeza mtaji, nimerudisha 3,500. Sasa niambieni, talaka yangu inaingia wapi hapo? Mwanangu kurudishwa nyumbani kutoka shule kunamsaidiaje kudai 4,500? Na ile kwamba siku ya maziko ya mama nililia kuliko nilivyomuuguza, huo nao ni ushauri wa nini?

Nilipolalamika, mmoja wa grupuni akaniletea dalili ya dini. Eti Hind binti Utba alimwendea Mtume (s.a.w.) akasema mumewe Abu Sufyan ni bahili, na hakukatazwa. Naijua hadithi hiyo, dada, tena ni sahihi. Ila Hind alimwendea aliyekuwa na uwezo wa kumhukumia, na ubahili ndio uliokuwa swali lenyewe: ana dhambi akichukua mali ya mume bila yeye kujua? Akajibiwa achukue cha kumtosha yeye na mtoto wake, kwa wema. Yakaishia hapo. Na Imamu Nawawi, mwanachuoni mkubwa wa zamani, aliyehesabu sababu 6 za kuruhusu aibu ya mtu itajwe, alipofika kwenye kuomba fatwa alisema kutaja jina kunafaa kwa sababu ya hadithi hiyo hiyo, lakini bora zaidi mtu aseme "mume fulani". Fatima binti Qays naye alipomuuliza Mtume habari za waposaji wake wawili, aliambiwa huyu hana mali, yule fimbo haimtoki begani. Kiasi cha kuamua. Hakuna aliyechambuliwa mazishi ya mama yake.

Halafu kuna wale wa "kwani amesema uongo?" Sasa si ndiyo maana inaitwa kusengenya! Ingekuwa uongo ingekuwa buhutani, kumzulia mtu, na leo nisingekuwa naandika, ningekuwa mlangoni kwake.

Watu wa kuuliza alikuwa nao. Kaka yangu analala naye kitanda kimoja. Shangazi yupo, na ni yeye aliyewaozesha. Ustadh wa darsa anapokea simu hadi usiku. Na mimi mwenyewe, kutoka kwake hadi kwangu hata chai haipoi njiani.

Jana alfajiri kijana wa bodaboda kanunua mandazi manne, akacheka: "Mama, hizi za leo ni za kulipa lile deni?" Grupu la akina mama, kumbuka. Nilimfungia mandazi yake nikanyamaza, mikono ikitetemeka hadi nikamrudishia chenji zaidi. Hata hiyo hakurudisha.

Leo asubuhi nimekopa kwenye chama, nikamtumia wifi 4,500 zote kwa M-Pesa. Simu hakupiga. Adhuhuri naona grupuni: "Shukran sana dada zangu, Allah awalipe, ushauri wenu umefanya kazi. Wifi amelipa leo." Na chini yake makopa 37.