Kukata madigadi za inchi 28 ziingie kwenye baiskeli ya inchi 26

Mwendesha baiskeli, Kisauni:
Assalaam aleikum ndugu zangu. Nimepata madigadi mbili za alumini zilizotolewa kwenye baiskeli kuukuu ya magurudumu ya inchi 28, nami yangu ni ya inchi 26, yenye tairi za 1.75, ambayo naipanda kila asubuhi kupitia daraja la Nyali hadi Mwembe Tayari. Masika yaliyopita nilikuwa nikifika kazini na mstari wa tope mgongoni, na mwaka huu sitaki tena. Nina msumeno wa chuma, tupa bapa, keekee ya umeme na spana chache; jiliwa sina. Nikizijaribisha, zote mbili ni ndefu mno, na ncha zake zimebenuka mbali na tairi. Nikate wapi, na kiasi gani?

Fundi mstaafu, Majengo:
Wa aleikum salaam. Bwana, usiushike msumeno kwanza. Kukata hupunguza urefu, lakini ncha zimebenuka kwa sababu ya mpindo. Tairi yako ina nusukipenyo cha milimita 326 hivi, ilhali gurudumu la inchi 28, lenye rimu ya kipenyo cha milimita 635 na tairi ya milimita 40, linakaribia 358, na hizo milimita 30 na ushei hakuna msumeno utakaoziondoa. Alumini nyembamba hupindika kwa mkono: ilaze juu ya paja, uibonyeze taratibu huku ukiisogeza sentimita chache kila mara, kwani ukikazania mahali pamoja kingo hujikunja, na zikishajikunja hazirudi tena zilivyokuwa. Mimi niliharibu mbili kabla mkono haujazoea.

Mpindo ukikubali, ifunge kwenye fremu kabla ya kukata chochote. Kata vipande vya ndara kuukuu vyenye unene wa milimita 10, uviweke kati ya tairi na madigadi sehemu tatu au nne, ili nafasi iwe sawa pote, ndipo utie alama kwa kalamu. Ya mbele ipunguze upande wa mbele, si wa chini, kwa kuwa ncha ya chini ndiyo inayokinga miguu yako na mnyororo. Ya nyuma, ikiwa imeshafungwa karibu na pedali, ipunguze mkiani.

Tumia msumeno wa meno 24 au 32 kwa inchi, kwa maana meno makubwa hung'ang'ania bati. Zungushia tepe pale utakapokata, na kwa kuwa huna jiliwa, chonga kipande cha mbao kiingie ndani ya mpindo, mwenzio akishikilie. Pembe zizungushe kwa tupa. Tundu, anza kwa kuchoma alama na msumari, kisha keekee ya milimita 3, halafu 5.5 kwa bolti ya milimita 5.

Mama wa Likoni:
Fundi amesema kweli tupu, ila naongeza jambo la sisi tunaovuka kwa feri. Bolti ya chuma ikigusana na alumini penye maji ya chumvi, alumini ndiyo inayoliwa, utaona unga mweupe kuzunguka tundu, na hata bolti isiyoshika kutu haizuii hilo. Kata washa za mpira kutoka tyubu kuukuu, weka juu na chini ya bati, upake grisi. Yangu naisuuza kwa maji yasiyo na chumvi kila Ijumaa.

Mwendesha baiskeli, Kisauni:
Shukran sana, ami, na wewe mama. Nimepima upana: madigadi ni milimita 53, tairi 47. Inatosha?

Fundi mstaafu, Majengo:
Milimita tatu kila upande ni chache, mwanangu, hivyo hakikisha imekaa katikati kabisa; maji kidogo yatapita kando, lakini mgongo utapona. Jambo moja la madigadi ya mbele usilipuuze: kijiti kikinaswa kati ya tairi na madigadi kinaweza kuikunja chini ya gurudumu, likasimama ghafla na ukaruka juu ya usukani. Kwa hiyo nyaya za pembeni zinazoishikilia zisiachwe na nati iliyolegea, na ncha zake zilizozidi zikatwe na kusuguliwa kwa tupa. Nati zote zikaze upya baada ya wiki ya kwanza, maana mpira wa tyubu hubonyea.