Yule baba wa dirisha la mwisho leo kajipepea na fomu yangu huku namwangalia. Watu wa Mtwara mnaishi naye vipi huyu mtu?

Nimetoka pale sasa hivi, naandika nikiwa ndani ya bajaji, vidole vinatetemeka, mkiona herufi zimerukana msinianze.

Simtaji jina. Jina la nini, mnamjua. Yule wa dirisha la mwisho, leso begani, miwani anaivaa kwenye paji la uso, macho yenyewe yako peku. Ofisi nayo siitaji, mtu yeyote aliyewahi kuwa na shida ya karatasi mji huu kashapita mbele yake, ambaye hajapita basi mama yake bado anamwombea dua.

Mimi kwetu Mombasa, nimeolewa hapa Mikindani, nakaa kwa ile karatasi ya kumtegemea mume, na karatasi ikikaribia kwisha mimi naanza kukonda mpaka mawifi wanadhani nina ujauzito. Safari hii nikasema sitaki lawama na mtu. Barua ya mtaa ipo na mhuri wake, cheti cha ndoa kipo, kopi ya kitambulisho cha mume ipo, picha zenye bluu nyuma zipo, kontroo namba nimelipa na risiti ninayo, mume mwenyewe angekuwa anatolewa kopi ningemtoa na yeye nikambana na stepla.

Nafika, umeme hakuna. Sawa, si jambo geni. Joto la wiki hii mnalijua, kuta zinatoka jasho. Baba yupo, kaegemea kiti, anajipepea. Nikampa shikamoo yenye adabu zote nilizofundwa, akaitikia kwa nyusi. Nikaeleza shida yangu. Akasema, "Mama, faili lako halionekani, rudi wiki ijayo."

Sasa mimi macho yako kwenye kile anachojipepea nacho. Naona mtandio wa zambarau. Naona uso. Ni mimi! Picha yangu mimi inapita kushoto, inarudi kulia, inanitazama kwa huruma. Nikasema baba samahani, si hilo hapo mkononi? Akasimamisha mkono. Akateremsha miwani. Akaigeuza fomu mbele, akaigeuza nyuma, akaitazama picha, akanitazama mimi, akarudi kwenye picha. Akasema, "Hii ni kopi."

Akaendelea kujipepea.

HII NI KOPI. Mnanielewa lakini? Hakusema samahani mama, hakuiweka chini, hata aibu ya kuigeuza uso wangu uangalie upande wake hana. Nikauliza orijino iko wapi, akasema ipo Dar. Imekwenda lini, imepelekwa na nani, ilimfuata nani huko Dar, hajui. Mkono wa kulia ulipochoka akahamishia wa kushoto. Na mzee mmoja nyuma yangu kwenye foleni, nikadhani anasogea kunitetea, kumbe anasogea na yeye apate upepo wa fomu yangu!

Sitaki kuelekezwa utaratibu. Utaratibu naujua kuliko yeye. Nataka mniambie tu, mtu akikwambia hii ni kopi huku wewe orijino umesimama mbele yake, unafanyaje?

Pweza Mkavu: Siti ya mbele kabisa. Pole sana shemeji, ila nimecheka mpaka bosi kauliza kuna nini.

Mzee wa Chuno: Chai hii, na tangawizi imezidi. Huyo baba namjua vizuri, hawezi kuteremsha miwani. Ile miwani haina vioo.

Bibo la Masasi: Wewe unalalamika na fomu yako imepata kazi? Yangu ina miezi pale haijafukuza hata nzi.

Mtoa mada: Mimi nalia nyie mnakenua. Kaitazama picha, kanitazama mimi, karudi kwenye picha! Akapata jibu kuwa mimi ni kopi!

Kijana wa Stendi: Tuwe wakweli lakini, yawezekana kweli ilikuwa kopi.

Mtoa mada: Kopi yenye wino wa bluu wa kalamu yangu? Kopi yenye doa la mchuzi pale kwenye kona? Doa nalo walilitoa kopi?

Kijana wa Stendi: Kumbe umepeleka serikalini fomu yenye mchuzi. Mods fungeni uzi, kesi imeisha.

Mtoa mada: Doa limetokea HUKO KWAO!!

Pweza Mkavu: Mchuzi wa nini kwanza? Kama ni wa pweza wa nazi namtetea baba.

Mwenye Hoja: Shem, acha kuhangaika na vibali, omba uraia. Sheria ya Uraia ya 1995 inampa mwanamke aliyeolewa na Mtanzania nafasi ya kuomba. Sijui kwa nini watu hawasomi.

Mtoa mada: Nimesoma kaka. Niombe uraia nirudishe pasipoti ya Kenya? Kwetu uraia pacha upo tangu katiba ya 2010, kwenu mtu mzima anashika mmoja tu. Na hilo ombi atalipokea nani pale mjini? Yeye! Nimpelekee feni ya pili?

Mkongo wa Lindi: Dada we shukuru Mungu una huo mlango. Mimi natoka Lubumbashi nimeoa Lindi, sheria hiyo hiyo mwanaume mgeni akioa Mtanzania haimjui, napanga foleni na wageni wengine wote. Watoto kwao Lindi, mama yao kwao Lindi, kuku wangu kwao Lindi. Mimi nikienda sokoni natembea na bahasha kifuani.

Bibo la Masasi: Mkongo usitudanganye, bahasha hiyo ina CD za Fally.

Mkongo wa Lindi: Zipo mbili tu.

Ntandahimba Original: Nyie wageni mna kelele sana. Mimi nimezaliwa Tandahimba, kitovu changu kimezikwa Tandahimba, nimefuata kitambulisho cha taifa nikaulizwa bibi yako alivuka Ruvuma mwaka gani. Bibi! Mimi nitajua wapi, nilikuwepo? Sisi Wamakonde tuko ng'ambo zote mbili, Mueda kule Msumbiji nina wajomba, bibi alikuwa anavuka kwenda kucheza unyago wa wenzie anarudi zake, hakujua kuna siku mjukuu wake atahojiwa.

Mzee wa Chuno: Kwa hiyo wewe ni wa Msumbiji.

Ntandahimba Original: Hilo tusi mzee wangu na nakuheshimu. Wakaniambia niimbe wimbo wa taifa. Nikasimama, mikono ubavuni, nikaimba ubeti wa kwanza mpaka mwisho. Wakasema huo wa Afrika yote, hata mtu wa Msumbiji anafaa kuuimba, tunataka wa Tanzania.

Pweza Mkavu: Hahahaaa wamekupata! Ukauimba?

Ntandahimba Original: Nilianza. Hofu ikaniingia nikaweka maneno ya kwaya. Mpaka leo naambiwa uchunguzi unaendelea.

Mtoa mada: Afadhali wewe umehojiwa, umepewa heshima ya kuulizwa swali. Mimi nimeambiwa hii ni kopi.

Gesi Asilia: Mbona mnamwonea huyo baba? Kosa la umeme. Gesi inachimbwa Msimbati, bomba la kwenda Dar limekamilika 2015, huko wanawasha mpaka taa za bustani, sisi tuliolala na bomba ubavuni tunajipepea na fomu za shemeji. Umeme ungekuwepo angewasha feni na faili lingeonekana.

Mwenye Hoja: Umeme hauhusiani na adabu.

Gesi Asilia: Umeme unahusiana na kila kitu. Juzi samaki wangu wote kwenye friza wamenuka, adabu ingewagandisha?

Mkongo wa Lindi: Na huku kwetu tunasubiri kiwanda cha gesi cha Likong'o mpaka tumeota mvi. Nilikodi shamba karibu na huko nijenge vyumba vya wazungu watakaokuja kazini. Mpaka sasa wapangaji wangu ni mbuzi, na kodi hawalipi.

Kijana wa Stendi: Speaking ya wapangaji, natafuta chumba na sebule, Shangani au Ligula, mwenye nyumba asiyedai kodi ya mwaka mzima kwa mkupuo.

Bibo la Masasi: Shangani na wewe? Kijana wa stendi? Wenzio wanaokaa huko hata foleni hawaijui, kampuni inawapelekea karatasi zao, wao wapo ufukweni.

Mtoa mada: Jamani turudi kwenye mada. Yule baba alivyogeuza ile fomu nyuma...

Kijana wa Stendi: Shem subiri kidogo tumalize hili la nyumba.

Dalali Mwaminifu: Kipo Chuno, chumba na sebule, choo ndani, maji yapo, umeme upo, kodi miezi sita. Njoo pm.

Ntandahimba Original: Dalali huyu ndiye aliyenipeleka kuona nyumba tukakuta msingi.

Dalali Mwaminifu: Msingi ule sasa hivi umefika kwenye renta kaka, ungelipia mapema ungekuwa umeshaweka pazia.

Gesi Asilia: Tusipitwe na jambo hapa. Umesema Chuno umeme upo? Chuno hii ninayokaa mimi?

Dalali Mwaminifu: Mita ya luku ipo mkuu.