Njia ya Bububu: mpaka lini tutashushwa Mtoni kwa nauli ya safari nzima?

Assalaam alaykum jamani. Nimeingia ndani sasa hivi, nimerowa chapachapa, na hasira zimenijaa. Mtanisamehe nikisema kwa ukali.

Tunaopanda daladala za 502 hapa Unguja, za kutoka mjini kwenda Bububu, tunayajua haya. Utingo anaita "Bububu, Bububu", gari inajaa mpaka watu wanakaliana mapajani. Kufika Mtoni tu, kabla ya Bububu: "Shukeni, gari inageuza." Na nauli anaitaka kamili! Ukimuuliza anakukata, "Mama, usitucheleweshe." Jioni ndiyo hivyo karibu kila siku, mvua ikinyesha ndiyo kabisa.

Leo tumeshushwa watu kumi na kitu, mvua ya masika inamiminika. Alikuwepo bibi mmoja na mjukuu mgongoni. Kaikunja buibui mpaka magotini ili avuke dimbwi, kandambili yake moja ikachukuliwa na maji, ikaingia mtaroni. Akabaki kasimama, mguu mmoja mtupu, mtoto analia. Gari ishageuza zamani, inakimbilia abiria wengine mjini.

Na hicho kituo chetu huko mbele, ambacho hatufikishwi, nacho ni kituo cha jina tu. Banda limebaki nguzo mbili za chuma, bati hakuna. Maji yanatuama pale pale mlango wa gari unapofunguka. Asubuhi watoto wa skuli wanasimama hapo na mitandio yao myeupe, gari zinawapita kwa kuwa nauli yao ndogo. Mwanangu karudi nyumbani mara mbili wiki hii, madaftari yameshikana kwa maji.

Njia hii ilikuwa na treni, jamani. Kuanzia 1905 reli ya maili saba hivi ilitoka Ngome Kongwe, mjini, mpaka Bububu, ikapakia watu na mizigo. Magari yaliposhika kazi ikaacha kuchukua abiria 1922, baadaye ikafungwa kabisa. Treni haigeuzi katikati ya reli. Aliyekata tiketi ya Bububu alifika Bububu. Leo tuna lami, tuna gari tele, na mtu anamaliza safari kwa miguu usiku.

Wenye dhamana ya usafiri, wekeni mtu Mtoni kuanzia saa kumi na moja jioni. Siku tatu tu, mtajionea wenyewe. Na sie abiria tuache kulipa nauli ya Bububu kwa safari ya Mtoni, tushikane sote ndani ya gari.

Namba za gari mbili ninazo. Aliyeshushwa leo magharibi na akaandika ya tatu, aiweke hapa.