Tupeane uzoefu: Japani ya misitu na magofu, nje ya Tokyo

Mpanda Ngazi:
Wakuu, habari zenu. Ndugu zetu wengi wanakwenda Japani kwa masomo au kazi na kurudi na picha za Tokyo tu. Mimi nilisoma Kobe miaka miwili, na kila nilipopata nauli ya ziada nilipanda treni kufuata mlima wenye magofu. Tuelezane mahali ulipofika kwa miguu yako mwenyewe, penye miti na historia. Naanza na Azuchi.

Ni kituo kidogo upande wa ziwa Biwa, chini ya saa moja kwa treni kutoka Kyoto. Unashuka, unakatiza mashamba ya mpunga kama dakika 25, unafika kwenye kilima. Hapo ndipo Oda Nobunaga, mbabe wa vita aliyetawala sehemu kubwa ya Japani, alipojenga ngome iliyokamilika mwaka 1579 na kuteketea mwaka 1582. Zimebaki ngazi za mawe, pana na ndefu. Wajenzi walikusanya mawe popote walipoyapata, hata sanamu ndogo za Buddha wakazilaza zikawa vidato. Ukiinama unauona uso, pua imelika kwa kukanyagwa, na pembeni watu wameacha sarafu. Mimi sikuweza kuzikanyaga, nilizivuka zote. Kileleni kuna mawe ya msingi yamepangwa safu kwa safu, kila moja lilibeba nguzo. Sasa hapo ni miti na ndege tu.

Kilichonipeleka ni Yasuke, Mwafrika aliyefika Japani mwaka 1579 akifuatana na Alessandro Valignano, padri Mkatoliki wa shirika la Wajesuti. Mjesuti mmoja aliandika mwaka 1627 kwamba kwao ni Msumbiji. Nobunaga alipomwona aliamuru asuguliwe, akidhani amepakwa wino, kisha akamchukua katika utumishi wake, akampa nyumba na upanga mfupi. Mtu wa mwambao wetu huu, jamani! Nilikaa juu ya jiwe moja la msingi mpaka jua likaanza kushuka.

Binti wa Pangani:
Ahsante sana kaka. Mimi niseme Shirakawa-go, hasa kijiji cha Ogimachi. Basi kutoka Takayama halifiki saa nzima. UNESCO waliiorodhesha mwaka 1995 kwa nyumba zake zenye paa la nyasi lililosimama kama viganja viwili vya mtu anayeomba. Theluji ya huko ni nyingi, paa likilala litaelemewa.

Nimekulia nyumba ya makuti, babu yangu alikuwa fundi wa kuezeka, kwa hiyo nilipanda moja kwa moja darini. Hakuna msumari kwenye paa. Boriti zimefungwa kwa kamba, na kwingine kwa matawi mabichi yaliyopindwa yakakauka yakakaza. Nilishika fundo moja, gumu kama chuma, jeusi kwa masizi. Chini kuna jiko la moto katikati ya chumba, na moshi wake ndio unaolinda nyasi na kamba zisiliwe na wadudu. Harufu ile ile ya jikoni kwa bibi. Darini humo zamani walifuga viwavi wa hariri.

Paa likichakaa kijiji kizima hutoka kuliezeka pamoja, wenyewe wanaita *yui*. Ni msaragambo kabisa. Naomba anayekwenda alale angalau usiku mmoja, maana mabasi ya watalii yakiondoka jioni ndipo unausikia mto.

Mguu Mrefu:
Yakushima, kisiwa kusini mwa Kyushu. Boti ya kasi kutoka Kagoshima. Kwenda kuuona mti mkongwe wa Jomon Sugi (sugi ni aina ya mwerezi wa Japani) na kurudi ni kama kilomita 22, tulianza alfajiri na tochi. Sehemu kubwa unatembea juu ya reli ya zamani ya kubebea magogo, mbao zake zinateleza mno kwa mvua. Nilivaa raba za kawaida, nikaanguka mara mbili na goti likachanika. Vaeni viatu vya mlima, na koti la mvua liwe la kweli.

Njiani kuna kisiki kinaitwa Wilson, kwa jina la mtaalamu wa mimea aliyefika mwaka 1914. Unaingia ndani yake kama chumba, chemchemi inapita miguuni. Miti hii ya sugi ilikatwa ikapasuliwa vigae vya paa, na watu wa kisiwa walilipia kodi kwa vigae hivyo badala ya mchele. Jomon Sugi wenyewe, unene wake unapita mita 16 kuzunguka shina, unautazama kutoka kwenye jukwaa ili mizizi isikanyagwe. Hakuna aliyeongea pale.

Mama Wawili:
Wenye watoto, Nara. Kulungu wanatembea huru, wengine wanainamisha kichwa ukiwaonyesha biskuti zao. Ficheni karatasi, wanazila. Ndani ya hekalu la Todai-ji kuna Buddha wa shaba wa mita 15, aliyezinduliwa mwaka 752, na nguzo yenye tundu ambalo mwanangu wa miaka sita alipenya.

Mgeni Mwezi wa Kumi:
Mpanda Ngazi, nitakuwa Osaka siku nne. Nikitoka Azuchi niende wapi?

Mpanda Ngazi:
Koya-san, mkuu, mlima wa mahekalu. Treni kutoka Namba, hapo hapo Osaka, hadi Gokurakubashi, halafu treni ya kamba ya kupanda mlima. Lala hekaluni, kisha asubuhi tembea makaburi ya Okunoin, kilomita mbili chini ya miti mirefu ya sugi, makaburi zaidi ya 200,000 yamevaa kuvu na majani. Ukivuka daraja la mwisho hakuna kupiga picha. Kaburi la Nobunaga limo humo, dogo tu, unaweza kulipita. La Akechi Mitsuhide, jemadari wake aliyemgeuka, nalo limo humo humo. Nenda na shati zito, mlimani ni baridi mwezi huo.